Boila ya peleti za mbao baada ya misimu miwili ya baridi: hela ilikoenda

Watu wananiuliza sana kuhusu hii boila ya kupasha nyumba joto na swali ni lile lile, ulinunua bei gani, na mimi nashindwa kujibu manake bei ya boila ninayo kichwani vizuri tu, tatizo haikusaidii kitu. Kwenye bili ya mwisho ya fundi boila yenyewe ilikuwa kama nusu ya hela yote, nusu nyingine ikaliwa na bomba jipya la moshi, mabomba ya maji, pampu, kutengeneza stoo ya peleti na ufundi. Na hapo bado sijaweka tangi la kuhifadhi maji ya moto, ambalo nitalielezea mbele na nitalielezea kwa uchungu. Kwa hiyo ukiona tangazo la boila kwa bei nzuri, zidisha kwa mbili kwanza afu ndo uone kama bado ni nzuri.

Kwa ambao hawajaziona, peleti ni unga wa mbao na maranda ya kiwandani yaliyokandamizwa mpaka yanatoka vipande vidogo kama vidonge virefu, unene wa milimita 6. Hamna gundi, joto la mashine linalainisha lignini iliyomo kwenye mti wenyewe, ikipoa inashika. Ni kavu kuliko kuni, unyevu asilimia 10 kushuka chini wakati kuni zilizokaa vizuri ziko kama 20. Boila inazivuta kwa skrubu ndefu inayozunguka ndani ya bomba, inajiwasha yenyewe kwa hewa ya moto, inapasha maji, maji yanaenda kwenye rejeta za ukutani zinazotoa joto vyumbani. Kazi yako wewe ni kujaza, kumwaga majivu na kulipa.

Sasa hesabu, na hii ndo sehemu wauzaji huwa wanaruka haraka haraka. Kilo moja ya peleti ina karibu yuniti 4.8 za nishati, yuniti hizi hizi za umeme, kwa hiyo tani ni kama yuniti 4,800. Si zote zinakufikia, zingine zinapaa na moshi, zingine zinapotea boila ikijiwasha na kujizima, kwa mwaka mzima mimi nahesabia asilimia 88 japo kwenye kipeperushi wanaandika zaidi ya 90. Inabaki kama yuniti 4,200 kwa tani. Chukua bei ya tani gawa kwa 4,200 unapata bei ya yuniti moja ya joto ndani ya nyumba yako. Ukitumia mafuta, lita moja ni yuniti 10 hivi, boila nzuri inakupa 9, gawa bei ya lita kwa 9. Gesi ya bomba gawa bei ya yuniti kwa 0.9. Pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani, inatoa kama yuniti tatu za joto kwa yuniti moja ya umeme, kwa hiyo gawa bei ya umeme kwa 3. Hapo sasa unalinganisha vitu vinavyolingana, manake kumlinganisha mtu wa tani na mtu wa lita ni kupigana chenga tu.

Ukishapata tofauti, iweke mbele ya gharama ya kufunga. Tuseme peleti zinakuokolea robo ya bili yako ya mwaka, na boila na mazagazaga yake yote ni sawa na bili zako za miaka sita. Hiyo ni miaka 24 kurudisha hela na boila yenyewe ukiitunza unaongelea miaka 15 mpaka 20, yaani inakufa kabla haijakulipa. Zikikuokolea nusu, ni miaka 12, hapo tunaongea. Mimi nilikuwa nachoma mafuta ndo maana imenilipa, ningekuwa na gesi ya bomba nisingegusa kabisa. Na bei ya peleti nayo inapanda, msidanganywe kwamba mbao ni mbao tu, 2022 Ulaya zilipanda vibaya mno na watu waliokuwa wamehama mafuta kukimbia bei walijiona wajinga.

Haya, tangi. Nilipoenda kununua yule muuzaji hakuja hata kuiona nyumba, aliniuliza vyumba vingapi, akasema chukua kilowati 25 uwe na nafasi. Nikasema sawa, kubwa si ndo nzuri? Kumbe nyumba yangu inatumia kama yuniti 20,000 za joto kwa mwaka, na fundi wa pili aliyekuja baadaye akanionyesha kwa kalkuleta ya simu, gawa kwa masaa 2,000, yaani kama boila ingewaka kwa nguvu zote tu kwa mwaka, unapata kilowati 10. Kumi! Mimi nimefunga mtambo wa nyumba mbili na nusu. Boila kama hii ikijibana inashuka mpaka kama theluthi ya nguvu yake, yangu inaishia kilowati 8 hivi, sasa kipindi ambacho baridi ni ya kawaida nyumba inataka kilowati 3 tu, inafanya nini? Inawaka, inapasha maji dakika kadhaa, inazima, inapoa, inawaka tena. Kila ikiwaka inaanza na moshi mwingi na umeme wa kiwashio, masizi yanajaa ndani. Msimu wa kwanza ulipoisha nikaingia kwenye menyu ya skrini nikakuta imejiwasha mara 1,900, nikakaa chini.

Dawa ikawa tangi la akiba la lita 800. Boila inawaka mara moja kwa nguvu, inapasha tangi lote, inalala, nyumba inakunywa joto kutoka kwenye tangi taratibu. Maji lita 800 yakitoka nyuzi 40 kwenda 75 yanabeba kama yuniti 32, kwa nyumba inayotaka kilowati 3 ni masaa kumi boila imezima. Msimu wa pili nilitumia tani 4.8, wa kwanza ulikuwa 5.6 na baridi haikutofautiana sana. Ila kuongeza tangi baadaye kulinigharimu zaidi kuliko kama ningeliweka siku ya kwanza, ilibidi mabomba yakatwe upya, fundi aje tena, na mlango wa stoo ung'olewe fremu tangi lipite, mke wangu mpaka leo akipita pale anagusa ukuta na kuguna. Kwa hiyo mtu akikupa makadirio hayana tangi, muulize kwa nini, na asipokuuliza mwaka jana ulichoma kiasi gani huyo si fundi ni dalali.

Nafasi nayo ni gharama. Tani tano zinataka stoo ya kama mita za ujazo nane, kavu kabisa. Ukiwa na stoo kubwa gari inakuja inapuliza peleti ndani kwa mpira na bei ya tani inakuwa nafuu. Mimi sina, nanunua mifuko ya kilo 15, tani 4.8 ni mifuko 320 naibeba kwa mgongo wangu huu huu. Wenye stoo iliyofungwa, jamani sikieni, peleti hasa mpya zinatoa kaboni monoksaidi, haina harufu na watu wameshakufa kwa kuingia tu stoo ya peleti. Hewa ipite, mlango ukae wazi kwanza kabla hujaingia, na king'ora cha hiyo gesi kiwepo. Hakina gharama kubwa ukilinganisha na vingine vyote hapa.

Peleti rahisi usinunue. Nilijaribu mara moja, mifuko 60. Nzuri ukiivunja inakatika paap kama chaki na ganda lake linang'aa, zile zilikuwa zinasagika vidoleni na chini ya kila mfuko kuna vumbi karibu kikombe kizima. Siku ya tatu boila ikagoma usiku, taa nyekundu, nikafungua bakuli la moto nikakuta majivu yameyeyuka yakaganda kama kokoto, nikayagonga kwa bisibisi mpaka saa nane. Tangu hapo nanunua zenye alama ya ubora ya ENplus A1 tu, majivu yake hayatakiwi kuzidi asilimia 0.7, na ni kweli, mwaka mzima namwaga ndoo chache tu zinaenda bustanini.

Mengine ya haraka. Servisi ya kila mwaka ni lazima, na kufagia bomba la moshi, iweke kwenye hesabu. Umeme ukikatika na boila inalala na wewe, feni, skrubu, pampu vyote ni vya umeme, kwa hiyo usifikiri umekuwa huru kisa unachoma mbao. Kelele ipo, skrubu ikivuta inasikika krrrr, usiiweke ukuta mmoja na chumba cha kulala. Na kuna valvu inayochanganya maji ili yasirudi ya baridi ndani ya boila, yakirudi chini ya nyuzi 55 hivi moshi unatoa jasho na chuma kinaliwa, hakikisha imo kwenye makadirio.

Joto lenyewe sina malalamiko, nyumba inapashwa vizuri, maji ya kuoga ya kutosha, na skrini ukiizoea inaeleweka. Kama nyumba yako ni kubwa, unachoma mafuta au umeme mtupu na una banda kavu, hii kitu nakushauri, boila ndogo yenye tangi. Kama nyumba ni ndogo au madirisha yanapitisha upepo, hela ianzie kwenye madirisha na dari, hata boila utakayokuja kununua itakuwa ndogo zaidi. Nyota nne kwa boila, moja kwa aliyeniuzia.

Ile mifuko mibovu ilibaki kama 20, jirani kaichukua anawekea paka wake kwenye trei ya choo, anasema inanyonya vizuri kuliko mchanga.