Redio ya sola ya Biblia ya Kimasai, tumeitumia Longido, haya ndo maoni yangu

Kama kanisa lenu mnafikiria kununua hizi redio ndogo za sola zenye Biblia ya sauti ndani yake, someni kwanza hapa kabla hamjachangishana. Sisi tulinunua ya Kimasai tukaipeleka kwenye maboma upande wa Longido, huko umeme hakuna, mtandao mpaka upande kilimani, na wazee wengi hawasomi. Biblia nzima ya Kimasai ipo tangu 1991 lakini kwa mtu asiyesoma inabaki kukaa sandukuni tu.

Kifaa chenyewe unakishika kwa mkono mmoja, paneli iko mgongoni, kuna tundu la memori kadi na la chaja. Ukikianika juani tangu asubuhi, jioni kinaongea bila shida. Watu ishirini chini ya mgunga wanasikia vizuri, upepo ukianza (na Longido upepo upo jamani) wa nyuma wanaanza kusogea mbele. Vumbi linaingia kwenye vitufe, chakavu tayari.

Ila kilichonifurahisha mimi sio kifaa, ni kinachotokea kikizimwa. Zamani mwinjilisti anahubiri Kiswahili, kijana anatafsiri, wazee wanaitikia kwa adabu zao, wanaaga, imeisha hiyo. Kwa Wamasai jambo zito wanalikalia wazee, mtu anasimama na fimbo yake anasema, anakaa, mwingine anasimama, sasa wewe mgeni unamtaka mtu anyooshe mkono aokoke peke yake wakati rika lake halijasema neno, atawezaje? Redio haiharakishi mtu. Inaongea, unaizima, wanajadili wenyewe kwa lugha yao na nyie mko pembeni na chai yenu ya maziwa.

Siku tuliyoweka Luka 15, pale mchungaji anaacha kondoo tisini na tisa nyikani, mzee mmoja akanyoosha fimbo, zima hiyo. Hao tisini na tisa kamwachia nani? Mwingine akasema lazima ana watoto wanachunga, mwingine akasema hapana huyu hana akili, fisi wamalize zizi zima kisa mmoja? Wakabishana weee. Mpaka mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema mwenye mifugo hahesabu, anawajua kwa rangi na pembe, akiingia zizini jioni anaona tu fulani hayupo, na usiku huo halali. Wote wakanyamaza. Mimi hiyo sura nimeisikia tangu sande skuli na sijawahi kuelezwa hivyo na mtu yeyote!

Na hapo ndo tukagundua kasoro kubwa ya redio. Walitaka kusikia tena kile kipande, kumbe haina namna ya kurudisha nyuma kidogo, ukibonyeza inaanza sura upya. Aliyetengeneza hakuwaza kwamba kuna watu wanasikiliza kwa kusimamisha simamisha.

Swali lingine ambalo hatukulitarajia, huyu anayesoma ni mtoto wa nani, ukoo gani, rika gani? Sauti isiyo na kwao haiwakolei. Afu wakasema huyu anaongea Kimasai cha upande wa Kenya, wanamwelewa ndiyo ila wao ni Wakisongo, Wamasai wa upande wa Tanzania, kwaiyo kuna maneno walikuwa wanacheka. Sikilizeni kwanza kabla ya kulipa.

Wamama ndo wameonewa. Redio ikiachwa bomani inakaa kwa mzee, mchana wao wako kwenye maji na kuni, jioni wanakamua, wakipata nafasi redio imeshafungiwa ndani. Peleka mbili, moja mkabidhi mama mtu mzima mbele ya wazee ili kusiwe na maneno.

Kadi ina maandiko ya Biblia tu, hakuna kingine, hapo nimesikitika. Kazi nzuri imeshafanyika huko nyuma, kuna ile Kanuni ya Imani waliyotunga Wamasai na mapadri wa shirika la Kikatoliki la Roho Mtakatifu, inasema Yesu alizikwa na fisi hawakumgusa. Kwa watu ambao zamani maiti zao ziliachwa porini, hiyo mistari inafika moja kwa moja, ungeisoma kwa sauti ya mzee wangeitaka tena na tena. Wangeweka hata nyimbo zao za kuitikiana, sio vinanda vile vya katikati ya sura.

Bei ni laki na kitu, kwangu inalipa, nyota tatu na nusu. Ila isiende peke yake, lazima awepo Mmasai mtu mzima anayeheshimika wa kukaa nao maswali yakianza, na maswali yataanza. Na nunueni kadi ya akiba, ya kwetu morani wameshaichomoa wamejaza miziki yao.