Miezi 11 na seva ndogo ya diski nne: hewa wamepatia, umeme wamebana

Kisanduku kilipofika sikukiwasha kwanza, nilichukua bisibisi. Ubora wa seva ndogo ya kuhifadhi mafaili haujulikani kwa prosesa yake. Kupokea na kutoa mafaili ya watu wanne watano ni kazi ambayo hata prosesa ya kawaida inaifanya huku imesinzia. Mimi hutazama hewa inapitia wapi, diski zimeshikwa na nini, na umeme unaingiaje.

Kwenye hewa, aliyekisanifu alijua anachofanya. Diski nne za inchi 3.5 zimesimama wima, na katikati yake kuna upenyo wa kutosha kupitisha kalamu. Nyuma kuna feni moja ya milimita 120. Feni pana hivyo husogeza hewa nyingi bila kuzunguka mbio, ndiyo maana usiku siisikii. Kilichonifurahisha zaidi ni ule ubao ambao diski huchomekwa. Katika visanduku vingi ubao huo ni ukuta mtupu kati ya diski na feni, hewa inafika pale na kugonga mwamba. Huu umekatwa madirisha makubwa kila mahali pasipo na soketi. Matokeo yake, nikinakili mafaili kwa saa nzima diski za pembeni hukaa nyuzi 36, na za katikati 39. Kisanduku changu cha zamani kilikuwa kinanifikisha 52 kwa diski zilezile.

Trei ni za plastiki, diski inaingia kwa kubana tu bila skrubu. Ni rahisi, lakini zimenitesa. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde, na hakuna diski mbili zinazolingana kasi sawasawa. Mitetemo yao hukutana na kuachana, ndipo unasikia ule mngurumo unaopanda na kushuka kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Juu ya kabati la mbao ilikuwa kama nimeweka ngoma. Nikatandika sponji chini, mngurumo ukafa, ila joto likapanda nyuzi nne kwa sababu nilikuwa nimeziba matundu ya chini. Mwishowe nilikata vipande vinne vya kandambili kuukuu nikaviweka chini ya miguu yake, na diski nikazifunga kwa skrubu zenye mipira. Matundu ya skrubu yapo kwenye trei, maelekezo hayayataji tu.

Sasa umeme. Kwa miezi mitano nilitumia diski mbili bila tatizo lolote. Nilipoongeza ya tatu na ya nne, mambo yakaharibika: nikiwasha, taa zinawaka, diski zinaanza kuunguruma, halafu kimya, kinajiwasha upya. Siku moja kiliwaka, lakini diski ya tatu ikachelewa kujitokeza na seva ikaihesabu kuwa imekufa. Kuirudisha kwenye kundi la diski zinazotunza data kwa pamoja na kuijaza data upya kulichukua saa 19.

Nilidhani nimeuziwa diski mbovu, hadi nilipogeuza adapta na kusoma kibandiko: volti 12, ampea 5, yaani wati 60. Diski ya inchi 3.5 ikishaanza kuzunguka haili sana, lakini zile sekunde chache za kuanza inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Zidisha kwa nne. Kuna njia mbili za kulimudu hilo: kuweka adapta kubwa, au kuziamsha diski mojamoja kwa kupishanisha sekunde kadhaa. Hawa hawakufanya hata moja. Wametengeneza nafasi nne, wakaweka umeme wa mbili na nusu.

Nilinunua adapta ya ampea 10, volti zilezile, nikahakikisha chanya iko katikati ya plagi kama kwenye ya awali. Tangu hapo hakijajizima hata mara moja. Bado naitilia shaka plagi yenyewe, ile ya duara inayochomoka ukiigusa. Kwa mashine inayotunza data ningependa plagi yenye kufuli.

Mengine kwa ufupi. Ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imelehemewa kwenye ubao, huwezi kuongeza. Taa ya buluu mbele inaumiza macho, nimeibandika utepe. Soketi za mtandao ni mbili za gigabiti moja, na usidanganyike kwamba zinajumlishwa: ukinakili faili moja kwenda kompyuta moja utapata megabaiti 110 hivi kwa sekunde, ilhali diski moja tu ya siku hizi inaweza kusoma kwa kasi kuliko hapo. Afadhali wangeweka moja ya gigabiti 2.5.

Niliwaandikia watengenezaji kuhusu adapta, na hesabu ya ampea nikawawekea. Wakanijibu kwa adabu kabisa: nikizime, nisubiri kidogo, kisha nikiwashe tena.