Biti za skrubu za usalama: seti ipi ununue ukiwa Mwanza, na ipi uiache dukani

Skrubu iliyonifumbua macho ilikuwa nyuma ya maikrowevu ya mama mmoja wa Kirumba. Kichwa chake kina nyota ya pembe sita, na katikati ya nyota imesimama pini fupi kama kisiki. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua mjini seti ya vipande 100, sanduku zuri la plastiki, kila biti, yaani ncha ya bisibisi inayobadilishwa, kwenye kitundu chake. Nikachomeka ya nyota yenye tundu la pini, namba T20, nikakaza mkono. Hata robo ya mzunguko haikufika, ncha ikakatika na kubaki ndani ya skrubu imeikumbatia ile pini. Kazi ya dakika kumi ikala mchana mzima kwa drili na tupa, huku mama wa watu amekaa kwenye benchi anangoja chombo chake.

Tangu hapo nimenunua seti nyingine tatu na kuazima za mafundi wenzangu mara nyingi. Ninachowaambia vijana wanaokuja kujifunza mezani kwangu ni hiki: kwenye biti za usalama usihesabu vipande, angalia chuma na kipimo.

Sababu iko kwenye tundu. Biti ya kawaida ya Torx, jina la nyota hiyo ya pembe sita, ni chuma kizima hadi nchani. Ya usalama imetobolewa katikati ili pini ya skrubu ipate pa kuingia. Chukua T8 (T ni Torx, namba ni ukubwa): kutoka pembe hadi pembe ina milimita 2.31 tu. Ukishaitoboa, kinachobeba nguvu ya mkono wako ni ukuta mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Chuma cha wastani ambacho kwenye bisibisi ya staa kingekutumikia miaka, hapa kinakatika siku ya kwanza. Kwa hiyo bei rahisi, ambayo kwenye vifaa vingine inavumilika, kwenye hivi inakurudia haraka.

Ujue kwanza unakutana na skrubu gani

Torx yenyewe ni ya zamani. Ilibuniwa Marekani mwaka 1967 na kampuni ya Camcar, na pini ya katikati ikaongezwa ili asiye na biti yenye tundu asifungue. Hiyo ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi: maikrowevu, baadhi ya pasi na birika za umeme, chaja, sensa za magari, na mashine za gemu. Vibanda vya gemu ni vingi mitaani kwetu, kwa hiyo zijue namba zake. PS5 inatumia T8 yenye tundu, padi ya Xbox One vilevile T8, na PS4 za mwanzo zilikuja na T9.

Hapo kwenye T8 na T9 nataka ukae kidogo, maana ndipo skrubu nyingi zinapouawa. T9 ina milimita 2.50. Tofauti yake na T8 ni milimita 0.19, na jicho halioni kitu kama hicho. Fundi asiye na T9 anaingiza T8, inaingia, anaona mambo yamekaa sawa. Akizungusha, pembe za biti zinakwangua pembe za skrubu, na baada ya majaribio mawili kichwa kimekuwa duara. Seti duni nayo inaleta balaa hilohilo hata ukichagua namba sahihi, kwa sababu biti imechongwa kwa haraka na T9 yake haikufika kipimo. Inatakiwa iingie kwa kubana kidogo na isitikisike. Ikicheza ndani ya skrubu mpya, hiyo biti si mali.

Baada ya Torx inakuja ile ya pembe sita ya alenki yenye pini, ambayo inahitaji alenki iliyotobolewa. Halafu ya matundu mawili, inayofunguliwa kwa biti yenye meno mawili kama uma. Halafu ya mabawa matatu, ambayo Nintendo Switch imefungwa nayo kwa nyuma. Vifaa vya kuchezea vya watoto wakati mwingine vina pembetatu. Za aina hizi seti yoyote ya maana inakuwa nazo, sina la kuongeza.

Simu ni ulimwengu wake. Apple wana skrubu ya ua lenye petali tano. Ile ya chini ya iPhone, pale karibu na tundu la chaji, inaitwa P2 na ina milimita 0.8. MacBook Air inataka P5 ya milimita 1.2. Ndani ya iPhone, kuanzia iPhone 7 ya mwaka 2016, kuna nyingine ya ncha tatu, Y000, ya milimita 0.6. Kwa vitu vidogo namna hii seti ya fundi wa vyombo vya nyumbani haikusaidii kabisa.

Chuma

Kwenye biti au kwenye boksi utakuta maandishi mawili yanayorudiwa: CR-V na S2. CR-V ni chuma cha kromiamu na vanadiamu. Ni kizuri kwa spana na soketi, ila kwenye biti nyembamba iliyotobolewa hujipinda, pembe zake zinakunjika kama sukari guru iliyopata joto. S2 kimetengenezwa kuvumilia mshtuko, na kikipikwa vizuri ugumu wake unafika kati ya 58 na 62 kwa kipimo cha Rockwell. Kwa biti zenye tundu, mimi sinunui chini ya S2.

Shida ni kwamba herufi mbili kugonga kwenye chuma ni rahisi. Njia yangu ni tupa. Nunua biti moja kama muuzaji anauza mojamoja, au muombe muuzaji wa seti akuruhusu kwenye biti usiyoihitaji, ile bapa kubwa kwa mfano. Pitisha tupa ndogo ubavuni. Chuma kigumu kinaifanya tupa iteleze kwa mlio mkali. Chuma laini kinang'atwa na tupa na kuacha unga. Wauzaji wengine watakasirika. Mwenye mali nzuri hukaa kimya akatazama, na wawili watatu mjini hapa wamefikia kuniazima tupa wajaribu wenyewe.

Angalia na rangi. Biti zinazong'aa kama kioo zimepakwa kromu, na tabaka hilo likiwa nene linafuta makali ya pembe na baadaye linabanduka nchani. Nyeusi isiyong'aa ndiyo ninayoipenda, kwa sharti moja, kwamba inataka mafuta. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua unyevu. Sanduku lililoachwa wazi dirishani msimu wa masika linapata kutu kabla masika haijaisha. Kitambaa chenye mafuta ya cherehani, mara moja kwa mwezi, kinatosha.

Mpangilio wangu, wa kwanza hadi wa mwisho

Ninachokiweka juu kwa fundi wa kawaida, na hata kwa mtu wa nyumbani anayependa kujifungulia vitu vyake, ni seti ya biti kati ya 30 na 40 za S2, zenye shina la robo inchi, yaani milimita 6.35. Shina hilo linaingia kwenye drili, kwenye racheti na kwenye mpini wa kawaida. Seti iwe na Torx za tundu kuanzia T8 hadi T40 bila kuruka T9, alenki za tundu, meno mawili na mabawa matatu. Ikiwezekana biti ziwe na urefu wa milimita 50. Fupi za milimita 25 ndizo zimejaa madukani, na kwenye skrubu iliyozama ndani ya shimo la plastiki hazifiki, kwa sababu kishikio cha biti ni kinene kuliko shimo. Kama umepata fupi tu na chuma chake ni kizuri, chukua, kisha utafute ndefu za T10, T15 na T20 pembeni.

Kwa fundi simu na fundi gemu, namba moja inabadilika: seti ndogo ya shina la milimita 4. Hapa nina upendeleo wa wazi. Seti ya Mako ya kampuni ya iFixit ina biti 64, na kila namba niliyoitaja ya simu na gemu imo, ila kuipata Mwanza ni kuagiza na kusubiri. Seti za Jakemy zinapatikana kwa urahisi zaidi na fundi wengi wa simu wanazo. Kabla hujalipa, fungua mpini. Kichwa kinachozunguka kwa juu kizunguke kwa wepesi bila kuyumba, na sumaku iishike biti ukiigeuza kichwa chini. Seti ya milimita 4 usiitumie kwenye maikrowevu wala kwenye gari. Ni kama kupasulia kuni kwa kisu cha kumenyea viazi.

Ya tatu ni kununua biti mojamoja za kampuni kubwa kama Wera na Wiha za Ujerumani. Biti moja inaweza kukugharimu kiasi ambacho mtu ananunulia sanduku zima barabarani. Mimi ninazo mbili, T10 na T20, kwa sababu ndizo ninazozitumia kila siku, na sijajuta. Zinaagizwa Dar es Salaam na kuja na basi. Kwa anayefungua vitu mara tatu kwa mwaka, ni gharama isiyo na kazi.

Ya nne ni zile zinazokunjwa kama kisu cha mfukoni, nane kwenye mpini mmoja. Zina nguvu na hazipotei, na fundi pikipiki au wa injini za boti anayefanya kazi ufukweni atazipenda, maana biti iliyodondokea majini haiokotwi. Ubaya wake ni unene: penye nafasi finyu hazipiti.

Mwisho kabisa ninaweka sanduku la vipande 100. Linavutia, najua. Ila toa bapa, toa staa, toa mraba, toa zilizorudiwa, na uhesabu zenye tundu zinazobaki. Ni theluthi moja au pungufu, nyingine ni za aina ambazo sijawahi kukutana nazo mezani. Umelipia idadi, na fedha iliyopaswa kwenda kwenye chuma imegawanywa kwa mia. Kwa mwenye kazi moja tu, skrubu mbili za plastiki zilizokazwa kidogo, litamfaa. Kwa fundi, hapana.

Dukani

Maduka ya vifaa yaliyo katikati ya mji yanauza majina yanayojulikana, INGCO, TOTAL, Tolsen na wenzao, na kwa wafanyabiashara wa Makoroboi utakuta yasiyo na jina. Usimdharau mmachinga. Seti yangu ya pili bora niliipata kwenye meza ya barabarani, kwa sababu niliikagua. Jina kwenye boksi nalo usiliamini lenyewe, kagua vilevile.

Ukifika, usiseme unataka nyota, maana kwa wauzaji wengi nyota ni staa, utaletewa ya msalaba. Sema Torx yenye tundu, utaje na namba, au bora zaidi beba kifaa chenyewe. Nimeona mtu ametoka Sengerema, amevuka ziwa na kurudi na biti ya meno mawili ilhali skrubu yake ilikuwa ya alenki. Kama kifaa ni kikubwa, piga picha ya kichwa cha skrubu kwa karibu, weka rula pembeni.

Mezani kwa muuzaji angalia tundu la biti kwa mbele. Liwe katikati kamili. Likiegemea upande mmoja, ukuta wa upande huo ni mwembamba zaidi na hapo ndipo patakatika. Kagua T8, T9 na T10 kwanza, kwa kuwa kiwanda kinachozembea huzembea kwenye ndogo. Hesabu namba moja moja, uone kama T9 ipo kweli au wamerudia T8.

Skrubu ambazo hutakiwi kuzifungua

Nyingine zimefungwa hivyo kwa ajili ya uhai wako. Ndani ya maikrowevu kuna kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, inayofanya kazi kwa zaidi ya volti 2,000, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kuwa na biti sahihi hakukufanyi uwe fundi wa maikrowevu. Kama hujafundishwa kuitoa chaji ile, usiguse chochote ndani.

Mita ya LUKU ni mali ya TANESCO, usiifungue hata kama biti inaingia. Na mizani. Wauza dagaa na sangara wa Mwaloni huniletea mizani za kidijitali zilizogoma, na zenye lakiri ya Wakala wa Vipimo ninazirudisha kama zilivyokuja. Ninamwambia mteja aipeleke kwanza kwa wakala, kwa sababu lakiri ikishakatwa mezani kwangu, sokoni hakuna atakayeamini kilo zake, na kesi itakuwa yetu wawili.

Ukishanunua, jaribu biti zote muhimu siku hiyohiyo kwenye vifaa ulivyonavyo, ukikaza kwa mkono na si kwa drili. Yenye kasoro itajionyesha mapema, ukiwa bado unaweza kurudi kwa muuzaji na risiti mkononi.