Pampu iliondoka, feni zimebaki

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na chumba changu kiko Ngamiani, Tanga, chini ya bati. Januari, kaskazi ikivuma, kipimajoto cha ukutani husoma 32 hata usiku. Ndani ya kompyuta kuna Ryzen 7 5800X, prosesa ambayo ikifika nyuzi 90 hujipunguzia kasi isiungue.

Miaka mitatu niliipoza kwa maji: rejeta ya feni mbili, mipira miwili, pampu ndogo juu ya prosesa. Kilichoniponza ni taa zake, nakiri. Usiku mmoja, wenye harusi wanataka video yao asubuhi, nikasikia krr-krr, kisha kimya. Feni zinazunguka kama kawaida, mpira mmoja wa moto, mwingine wa baridi, joto 90. Maji hayatembei. Fundi aliigeuzageuza, akasema, "Kaka, hii imezibwa kiwandani. Nikiifungua hairudi." Tanga waja leo waondoka leo, pampu yangu ilishika hilo la pili.

Nikaagiza Dar kipozeo kiitwacho Thermalright Peerless Assassin 120 SE: minara miwili ya mapezi ya alumini, mirija sita ya shaba, feni mbili. Wanaiita ya hewa, kumbe ndani ya mirija mna kimiminika kidogo. Kinachemka upande wa prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa kuwa kimiminika tena, unarudi kwenye prosesa. Pampu hakuna.

Harusi ileile, saa mbili za kurenda, yaani kompyuta ikiitoa video kamili: maji yalipokuwa mazima nilipata 80, hii inanipa 84. Basi. Anayedhani maji yatashuka chini ya joto la chumba anajidanganya, maana hata rejeta inapulizwa na hewa hiihii ya Ngamiani. Feni ikifa nanunua nyingine ya sentimita 12, naibana kwa waya zake, naendelea na kazi. Mwenye prosesa kubwa zaidi na rejeta ya feni tatu simcheki, abaki na maji yake.

Kero zipo. Ina kimo cha milimita 155, kwa hiyo pima kasha la kompyuta kabla hujalipa; langu la zamani halikufunga mlango. Feni ya mbele inakalia vijiti vya kumbukumbu (RAM), ikabidi niipandishe kidogo. Na ni nzito. Nikiitwa kurusha harusi mubashara Muheza, huivua kwanza, isije ikayumba na mashimo ikavunja mazabodi, bodi kuu inayoishika. Kuivua ni kufuta pesti ya kupitisha joto na kupaka upya, kwa hiyo siku hizi kwenye begi la kamera mna bomba la pesti na bisibisi.