Avatar: The Way of Water: saa ya pili ndiyo ya kulipia

Filamu hii ya James Cameron, iliyotoka 2022, ina dakika 192. Saa ya kwanza ni mbio: Jake Sully na mkewe Neytiri, Wanavi wa Pandora wenye ngozi ya buluu, wanawahamisha watoto wao kutoka msituni hadi kwa Wametkayina, watu wa pwani, maana Quaritch, kamanda wa kijeshi na adui wa Jake, anamwinda baba yao. Ya tatu ni vita vya melini, vizuri ila virefu mno.

Utamu uko katikati. Jake huwaendesha wanawe kama askari, hadi Neytiri amkumbushe kwamba hao ni familia, si kikosi. Lo'ak, anayefunikwa na kaka yake Neteyam, hasikilizwi nyumbani. Anayemsikiliza ni Payakan, tulkun, mnyama wa baharini mfano wa nyangumi. Wenzake walimfukuza kwa kupigana na wawindaji, kwani mila yao inakataza kuua. Hapo familia na maumbile huwa hadithi moja.

Sisi wa Uganda tunalielewa hili upesi. Kwa Waganda, mtu wa ukoo wa Mmamba hali kambaremamba: ndiye muziro wake, yaani mnyama wa ukoo. Ronal, mke wa chifu, anapomlilia tulkun aliye dada yake wa roho, kwetu huo ni msiba wa jamaa.

Uwindaji wenyewe umeonyeshwa hatua kwa hatua. Wawindaji wanamlenga tulkun mama mwenye mtoto kwa kuwa hatamwacha nyuma. Wanamtoboa kupitia kinywani hadi kwenye ubongo, wanafyonza amrita, dawa ya kuzuia uzee, kisha mzoga unaachwa. Anayejua bei ya mabondo (vifuko vya hewa) ya sangara Ziwa Victoria ataipata hesabu hiyo, ingawa sisi angalau minofu tunaila.

Ukiitazama kwa 3D, kaa katikati ya ukumbi na usilaze kichwa begani kwa mwenzako. Macho yakiinama upande, picha hugawanyika mbili. Miwani hula mwanga, kwa hiyo projekta hafifu huyageuza matukio ya usiku kuwa matope. Katika kumbi zenye uwezo huo, baadhi ya matukio huenda kwa fremu 48 kwa sekunde na mengine 24, ndiyo maana mwendo hubadilika ghafla ukafanana na mechi ya mpira. Nakala nyingi za nyumbani ni 24 tu. Zima ile mipangilio ya televisheni inayolainisha mwendo.

Kwenye kibanda cha video, veejay, yule anayetafsiri na kusimulia filamu, hunogesha vita vya mwisho kuliko waigizaji wenyewe, lakini sauti yake huua ukimya wa chini ya maji. Ni hasara: waigizaji walirekodiwa ndani ya tangi wakibana pumzi, kwa sababu mapovu ya mitungi ya hewa huvuruga kamera zinazofuata alama za mwilini.

Chooni nenda Quaritch akijifunza kupanda ikran, mnyama arukaye. Hutapitwa na kitu.