Rafiki ya Wanuri Kahiu: Filamu Iliyoadhibiwa kwa Sababu ya Mwisho Wake

Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipoipiga marufuku Rafiki, filamu ya mapenzi ya wasichana wawili, mwezi Aprili 2018, mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba bodi ilikuwa imemtaka abadilishe mwisho wa hadithi, kwa kuwa ulionekana kubeba matumaini kupita kiasi na wahusika hawakuonyesha majuto ya kutosha. Nimeitazama filamu hii nikiwa na dai hilo akilini, na nimefikia uamuzi kwamba bodi ilipatambua vizuri mahali penye nguvu za filamu, ingawa ilikosea kabisa katika kupahukumu. Mengi yameandikwa juu ya kesi ya Rafiki, na machache mno juu ya Rafiki kama kazi ya sanaa, yenye ustadi na yenye kasoro zake.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kena, anayeigizwa na Samantha Mugatsia, anaishi na mama yake katika mtaa wa maghorofa jijini Nairobi, anacheza kandanda na karata na wavulana, na matarajio yake makubwa ni kuwa muuguzi. Baba yake, John Mwaura, ni mwenye duka anayewania kiti cha mwakilishi wadi, na amekwisha kuachana na mama yake Kena na kuoa mke mwingine. Mpinzani wake katika uchaguzi huo ni Peter Okemi, mwenye mali kumzidi, ambaye binti yake Ziki, anayeigizwa na Sheila Munyiva, anapita mtaani na nywele zilizosukwa kwa rangi ambazo hakuna mtu anayeweza kuacha kuzitazama. Wasichana hawa wawili wanapendana, na mtaa unaanza kulinusa jambo hilo kabla wao wenyewe hawajaamua la kufanya nalo.

Hapo ndipo ustadi wa Kahiu unapoonekana zaidi. Masimulizi mengi kuhusu mapenzi ya jinsia moja barani Afrika huanza na sheria, yakafuata polisi, kisha kanisa, kana kwamba chuki hushuka kutoka juu kwa amri. Kahiu anaanza na kibanda cha Mama Atim. Hapo watu hula, hunywa soda na kukaa kitako, na habari za kila mmoja hupakuliwa pamoja na chakula. Muthoni Gathecha anamwigiza mama huyu kwa uchangamfu unaotuvutia kabla ya kututisha, kwa maana udadisi ule ule unaotuchekesha mwanzoni, wa kutaka kujua nani ameketi na nani, ndio baadaye unaofika hadi mahali wapenzi walipojificha. Haji mtu mwovu kutoka nje ya mtaa. Wanaowageuka Kena na Ziki ni wale wale waliokuwa wakiwasalimia asubuhi, na filamu inatulazimisha kuwajua kwanza kama majirani wema.

Wasichana hawa hawana chumba. Wana paa la ghorofa, na wana gari bovu la abiria lililotelekezwa, ambalo wanaligeuza kuwa makao yao kwa saa chache. Aliyekulia katika mtaa ambako kila dirisha linatazama dirisha jingine ataelewa bila kuelezwa kwamba faragha ni mali, na kwamba wasio na mali huiba faragha yao pale wanapoweza. Jambo hili linaeleza pia tofauti ya hulka kati ya wapenzi hao. Ziki, ambaye baba yake ana uwezo, anataka uhusiano wao uonekane, na wakiwa kanisani, mhubiri akikemea mapenzi kama yao, anataka kumshika Kena mkono. Kena anaukwepa mkono huo. Wapo watazamaji watakaomwona Kena kuwa mwoga katika tukio hilo, lakini mimi naona kwamba ni yeye aliyepiga hesabu sahihi, kwa sababu anajua ni nani kati yao atakayepelekwa mbali mambo yakiharibika, na ni nani atakayebaki kupita mbele ya kibanda kile kila siku. Sijaona filamu nyingine ya Kenya inayofungamanisha tabaka na mapenzi kwa wepesi namna hii, bila mhusika hata mmoja kutoa hotuba.

Uigizaji wa Mugatsia ndio unaobeba uzito huo. Hakuwa na uzoefu wa kuigiza katika filamu kabla ya hapo, na huenda ndiyo sababu haigizi zaidi ya kiasi: anainamisha kichwa, anazuia tabasamu, anasimama kama mtu aliyezoea kutotambuliwa. Tamasha la filamu la FESPACO la Ouagadougou lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2019, na alistahili. Jimmy Gathu, katika nafasi ya baba, anafanya kazi ya kimya ambayo wakosoaji wengi wameipita haraka. Mwanasiasa huyu mdogo wa mtaani, mwenye kila sababu ya kumkana bintiye kura zikiwa hatarini, anasimama upande wake, na Gathu anauonyesha uamuzi huo kama uchovu wa mtu anayempenda mwanawe kuliko kama ushujaa. Nini Wacera, kama mama, amepewa nafasi ngumu zaidi. Mama aliyeachwa na mumewe na kushikamana na kanisa angeweza kufanywa kinyago cha ushupavu wa dini, lakini Wacera anatuonyesha hofu iliyo chini ya maombi yake, yaani hofu ya mwanamke ambaye mtaa ulishamwonea huruma mara moja na hawezi kustahimili kuonewa huruma mara ya pili.

Kuhusu rangi na muziki, Kahiu anafuata imani aliyoitetea hadharani kwa miaka kadhaa chini ya jina la Afrobubblegum, kwamba sanaa ya Afrika ina haki ya kuwa ya furaha, ya ukali na hata ya mchezo, badala ya kulazimishwa kila mara kubeba vita, njaa na maradhi. Filamu inafunguliwa kwa wimbo wa Muthoni Drummer Queen na picha za mtaa zilizojaa rangi ya waridi, zambarau na manjano. Ni vyema kuilinganisha na Stories of Our Lives ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Jim Chuchu wa kundi la The Nest, ambayo ni mkusanyiko wa visa vitano vilivyotokana na masimulizi ya Wakenya wenyewe, na ambayo nayo ilikataliwa na bodi hiyo hiyo. Ile ilipigwa kwa picha nyeusi na nyeupe, na uzuri wake ni wa tahadhari, kama ushahidi unaotolewa kwa sauti ya chini. Rafiki inapaza sauti. Nazihitaji zote mbili, lakini naamini ya pili ilithubutu zaidi, kwa sababu huzuni ya wapenzi wa jinsia moja imekuwa jambo ambalo hata wapinzani wao wako tayari kulitazama, ilhali furaha yao ndiyo inayowakera.

Kasoro zipo, na kuzificha kwa sababu filamu imeonewa ni kuidharau. Mapenzi yenyewe yanakwenda mbio mno. Filamu ina urefu wa dakika themanini na kidogo, na katika muda huo Kena na Ziki wanatoka kutazamana hadi kuwekeana agano la kutoishi kama watu wengine, bila sisi kupewa nafasi ya kuona ni kitu gani hasa kila mmoja amekigundua kwa mwenzake. Ziki ndiye anayeumia zaidi kutokana na haraka hiyo. Tunamjua kwa nywele, kwa dansi na kwa hamu yake ya kusafiri, lakini yale anayoyafikiri akiwa peke yake hatuambiwi, na anapopelekwa London na wazazi wake tunampoteza kabla hatujampata vizuri. Ushindani wa kisiasa kati ya baba hao wawili nao ni mpango wa zamani mno, uliotumika jukwaani tangu enzi za Shakespeare, na hapa unatumika kama kiunzi tu, kwa kuwa hatuoni kampeni yenye hoja wala mkutano wenye joto. Katika matukio ya faragha, wasichana huongea kwa ufasaha uliopangika kuliko vijana wa mezani pa karata, ambao Kiswahili chao na Sheng yao vina uhai wa kweli. Natamani mwongozaji angewaachia wapenzi lugha ile ile.

Tukio la kushambuliwa na umati limeigawa hadhira, nami niko upande wa wanaolisifu. Kahiu halirefushi. Linakuja ghafla, linaumiza, na linakwisha, halafu tunapelekwa kituoni ambako askari wanawadhihaki wasichana waliojeruhiwa kwa maswali. Baada ya hapo, kijana ambaye mtaa umekuwa ukimdhihaki kwa kumshuku tangu mwanzo, na ambaye hajapewa maneno yoyote ya maana katika filamu nzima, anaketi karibu na Kena bila kusema kitu. Hilo ndilo jambo bora zaidi aliloliandika Kahiu na mwandishi mwenzake wa mswada. Jamii nzima ya watu wanaojuana bila kutambulishana imeelezwa kwa kuketi huko tu.

Filamu imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine ya uandishi wa Kiafrika mwaka 2007. Hadithi hiyo imeandikwa kama barua ya msichana mmoja kwa mwenzake anayerejea kutoka London, na yote yaliyotokea yanakumbukwa nyuma, katika mitaa ya nyumba za Nakawa, Kampala. Kahiu ameivunja barua hiyo na kuyapanga matukio kwa mfuatano wa wakati, na kwa hiyo kurejea kwa mpenzi, ambako katika hadithi ni chanzo cha usimulizi, katika filamu kumekuwa hitimisho. Kena, aliyetaka kuwa muuguzi, sasa ni daktari, kwani Ziki ndiye aliyemuuliza kwa nini alijipunguzia ndoto, na wawili hao wanakutana tena. Watazamaji wanaolalamika kwamba mwisho huu ni mtamu mno wanasahau miaka iliyopotea katikati. Hatuoneshwi ndoa wala nyumba. Tunaoneshwa kwamba waliishi, na kwamba hakuna aliyetubu.

Kwa mwisho huo filamu ililipa. Sheria ya Kenya inaadhibu vitendo vya mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 14 chini ya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, na bodi ilidai kwamba Rafiki ilihimiza usagaji kinyume cha sheria. Wakati huo huo filamu ilikuwa ikionyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ikiwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa katika tamasha hilo. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu iweze kutimiza sharti la kuwania tuzo za Oscar, na kumbi za Nairobi zikajaa watu wazima waliopanga foleni kuitazama. Kenya ikapeleka filamu nyingine. Aprili 2020 Jaji James Makau wa Mahakama Kuu alikubaliana na bodi.

Sheria iliyotumika kuipiga marufuku, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru, na jina lake lenyewe linataja filamu pamoja na michezo ya jukwaani. Waigizaji wa Kenya hawahitaji kukumbushwa maana ya hilo, kwa kuwa katika kijiji cha Kamiriithu, mwaka 1977, leseni ya onyesho la wanakijiji ilifutwa baada ya wiki chache tu. Hata hivyo, natamani kuiona hadithi ya Kena na Ziki ikipandishwa jukwaani, kwa sababu jukwaa lingetibu kasoro kubwa ya filamu. Maonyesho mawili marefu ya wasichana hawa wakizungumza, bila kamera ya kukatiza, yangempa Ziki akili na historia aliyonyimwa. Kibanda kingebaki mbele yetu muda wote, na hadhira, ikiwa imeketi kukizunguka, isingeweza kujifanya kwamba haimo miongoni mwa watazamaji wa mtaani. Kazi ngumu zaidi ya mwongozaji wa onyesho hilo ingekuwa kumpata mwigizaji wa Mama Atim, mwenye uwezo wa kutufanya tumpende kwa muda mrefu kiasi hicho.