Ghorofa inawaka, ndugu zako wako juu: washuke au wajifungie ndani?

Kwanza piga simu zimamoto, utaje ghorofa na namba ya mlango wao. Usipande kuwafuata, moshi wa ngazini hulevya kwa pumzi chache tu. Waongoze kwa simu.

Moshi ndio mwamuzi mkuu. Waguse mlango na kitasa kwa mgongo wa mkono. Vikiwa baridi na ngazi haina moshi, kushuka kunashinda: wainame, wafunge kila mlango nyuma yao, wasiguse lifti, maana umeme ukikatika itawanasa. Moto ukiwa ndani ya nyumba yao, watoke mara moja.

Mlango ukiwa wa moto, au ngazi imejaa moshi, kujifungia kunawapa muda. Waende chumba chenye dirisha la nje, wazibe upenyo wa chini ya mlango kwa taulo mbichi, wapepee shuka dirishani. Wasivunje kioo: moshi ukipanda kutoka chini, hakuna cha kuuzuia tena.

Ila kujifungia kunategemea jengo lenyewe. Grenfell Tower, London, mwaka 2017, wakazi waliambiwa wabaki ndani huku moto ukipanda kwa kasi kwenye vibao vya ukuta wa nje. Walikufa watu 72. Ukuta wa nje ukishika moto, washuke mapema, ngazi ingali inapitika.

Kwa mgonjwa asiyeweza kutembea, kama hakuna wa kumbeba, chumba kilichozibwa ndicho chaguo, na zimamoto waambiwe hivyo waziwazi.